Mwezi Kwenye Chekeche

“Huyu mwanamume anayekunywesha maji ni nani?”

Bi Mwatumu hakupaza sauti. Aliiweka simu yake juu ya mkeka, kando ya sahani ya visheti, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikagusa goti langu. Huyu ni mama wa mchumba wangu, Sadalla, na nikaha yetu ilikuwa Ijumaa ijayo. Tulikuwa sebuleni kwetu, Nguvumali, Tanga. Nilikuwa nimerudi kutoka India wiki ileile, hata begi langu kubwa sijalifungua.

“Shikamoo kwanza, mama,” nilisema.

“Marahaba. Jibu.”

Niliinamia picha. Kweli nilikuwa mimi. Mtandio mwekundu kichwani, hina mpaka karibu na viwiko, chekeche la unga mkononi. Ubavuni kwangu ulitokeza mkono wa shati jeupe la kiume, saa kubwa nyeusi kwenye kifundo, umenishikia glasi ya maji mdomoni. Mwenye mkono haonekani. Mimi nacheka, meno yote nje.

“Nimeuliza kwa wanaojua,” Bi Mwatumu akaendelea. “Hiyo ni saumu ya wake wa Kibaniani. Mwanamke anashinda na njaa kwa ajili ya mumewe. Mwezi ukichomoza anautazama kwenye chekeche, kisha anamtazama mume, mume anampa maji. Sasa mume wako mtarajiwa ndiye yule, amekaa mlangoni. Kule ulimfungia nani?”

“Astaghfirullah,” mama yangu akasema.

Ami Shaib, mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyesimama kama baba yangu kwenye posa. Alikohoa, akakiweka kikombe cha kahawa chini.

“Mwali, zungumza. Watu wanakusikiliza.”

Mimi ni mtu wa maneno. Mama husema nilizaliwa nikijibu. Lakini siku ile nilinyamaza kwa makusudi, nikamtazama Sadalla. Nilimngoja yeye aseme, kwa sababu Sadalla alikuwa anajua. Jioni ile ya mwezi, mtu niliyemtazama kwenye lile chekeche alikuwa yeye mwenyewe, yuko ndani ya simu, anacheka.

Sasa alikuwa anahesabu mistari ya mkeka.

Nikaichukua simu yangu, nikaificha chini ya kanga, nikamwandikia: “Sema.”

Simu yake ikatetema mfukoni. Akasoma, akaandika haraka bila kuinua kichwa. Yangu ikatetema.

“Nyamaza tu. Usinitaje. Nitakueleza.”

Nilimpenda Sadalla, nisidanganye. Miaka mitatu ya bweni nilikuwa nalala na sauti yake sikioni. Nikajiambia labda anamwogopa mama yake, maana wachumba kupigiana simu za video, nywele zikichungulia, ni jambo ambalo Bi Mwatumu asingelimeza. Basi nikaamua kujitetea peke yangu kwanza.

“Mama, siku ile kweli nilifunga,” nilisema.

“Mmemsikia!”

“Nilifunga kadha.”

Ami Shaib akakumbuka kahawa yake ghafla. Mama akajifunika mdomo na ncha ya kanga. Mwanamke gani wa pwani asiyejua kadha? Siku za Ramadhani zinazokupita kwa mambo ya kike, unazilipa baadaye kimyakimya, na husimamishi mkutano wa wanaume kuwatangazia. Lakini mficha uchi hazai.

“Nilidaiwa na Mola wangu, nikawa nalipa,” niliendelea. “Niliyekuwa nalala naye chumba kimoja anaitwa Nandini, Mhindu, ana mchumba wake. Aliponiambia kesho yake anafunga, nikaona ni nafuu. Saumu ya peke yako ugenini ni nzito, mama, wenzako wote wanatafuna. Tukaamka pamoja alfajiri. Yeye alikula chakula alicholetewa na mama mkwe wake, mimi nikala daku langu. Ya kwao haina hata tone la maji mpaka mwezi uonekane. Yangu iliisha magharibi. Mwezi ule nilipanda juu ya paa la bweni kuutazama nimeshashiba tende na uji.”

“Sasa kama ulikuwa umeshafuturu, huko juu ulifuata nini?”

“Nilifuata sherehe, mama. Chuo kile kina watu wa kila taifa, na kila sikukuu ni ya wote. Wakati wa siku tisa za ngoma za vijiti nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Diwali tuliwasha vitaa vya udongo kwenye ngazi zote za bweni, mimi nikapewa ghorofa ya pili. Siku ya kurushiana rangi nilirudi chumbani kijani kama mchicha. Na sisi Idi tuliwapikia pilau, Nandini akanikunia nazi ingawa nyama haili. Ndivyo tulivyoishi.”

“Mambo ya ibada za watu si ya kuchezea,” Ami Shaib akasema.

“Kweli, ami. Hilo nakubali, na ukitaka kunigombeza nigombeze. Lakini niliulizwa kuhusu mwanamume.”

“Enhe!” Bi Mwatumu akagonga mkeka. “Huyo huyo. Turudi kwenye mkono.”

“Hakuna mwanamume, mama. Lile ni bweni la wasichana. Hata mlinzi hapandi ngazi.”

“Na shati hilo? Na saa hiyo? Mkono mnene kama mchi!”

Hapo nilishindwa, nikacheka. Mama akanifinya paja.

“Naomba nipige simu,” nilisema. “Mwenye mkono yuko Maramba.”

“Maramba?” Ami Shaib akastaajabu. “Hii Maramba yetu?”

“Hii yetu ya Mkinga.”

Nikapiga simu ya video, nikaisimamisha kwenye birika ili wote waone. Ikaita sana. Mwisho ukatokea uso mweusi wa kung'aa, nywele zimenyolewa chini, nyuma yake magunia ya mahindi.

“Suhailaaa! Bibi harusi! Hina tayari?”

“Yudith, nipo na wazee.”

“Ala! Shikamooni wazee wangu!”

“Marahaba,” wakaitikia, hata Bi Mwatumu, huku wamekunja nyuso. Huyu Yudith tulisoma naye chuo kimoja. Baba yake ni mkulima, mama yake hutunza ng'ombe, na yeye alikuwa anarusha tufe kwa niaba ya chuo.

“Yudith, siku ile ya mwezi na chekeche, nani aliwapa watu maji?”

“Si mimi! Wale watoto walikuwa wanakufa kwa kiu, wachumba wao wapo kwenye simu tu, na simu haimimini maji. Wakaniambia wewe ndiye mrefu, wewe mume. Wakanivisha shati la kaka yake Nandini. Nikawa napita na jagi na glasi, huyu funda moja, huyu funda moja. Siku ile nilikuwa na wake kumi na wanne, jamani!”

Ami Shaib alitoa kicheko, akakigeuza kikohozi katikati ya njia.

“Mwanangu,” Bi Mwatumu akasogea karibu na birika, “inua mkono wako wa kulia.”

Yudith akainua. Mkono ulijaa skrini nzima, saa nyeusi palepale kwenye kifundo.

“Huo huo,” mama yangu akasema.

“Kuna shida gani?” Yudith akauliza. “Suhaila, si ulikuwa unaongea na...”

Nilimkata. “Nitakupigia baadaye. Ahsante.”

Sijui kwa nini nilimkata. Hata wakati ule bado nilikuwa namlinda Sadalla. Nilimwachia mlango wazi apite kwa miguu yake. Sasa ilikuwa rahisi, hakuna mwanamume, hakuna aibu, aseme tu: “Mama, alikuwa anaongea na mimi.” Nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na feni ilikuwa inazunguka.

Bi Mwatumu alishusha pumzi. Mikono yake ikalegea mapajani.

“Basi nimekosea,” alisema. “Suhaila, nisamehe. Nilitumiwa na namba ngeni, haina jina. Imeandikwa, ‘Mwangalieni mke mnayemwoa.’ Nikaona giza. Nimepita nayo mtaani, mwanangu. Nimewaonyesha watu.”

“Watu gani?”

“Karibu wote.”

Ndiyo maana asubuhi nilipokwenda dukani wanawake walininyamazia. Nilidhani ni kwa sababu nimenenepa. Kumbe jina langu, alilolitunza mama peke yake tangu baba afariki, lilikuwa linauzwa barazani pamoja na mihogo ya kukaanga.

“Nani anaweza kukutumia picha hii?” Ami Shaib akaniuliza. “Una adui huko chuoni?”

“Sina, ami.”

“Aliyepiga picha ni nani?”

Nikaichukua tena simu ya Bi Mwatumu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeangalia mkono, kama walivyotaka niangalie. Sasa nikaangalia macho yangu mwenyewe. Nilikuwa natazama moja kwa moja mbele, ndani kabisa ya picha. Namtazama anayenitazama.

Mbele yangu, juu ya paa lile, hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta mfupi, na juu ya ukuta nilikuwa nimesimamisha simu yangu. Nyuma ya ukuta ni bonde. Hakuna binadamu angesimama pale, labda awe ndege.

“Ami,” nilisema, na sauti ilitoka imetulia kuliko nilivyotarajia, “picha hii haikupigwa India.”

“Unasema nini?”

“Imepigwa hapahapa Tanga. Nilikuwa naongea na mtu kwa video. Aliyekuwa upande wa pili wa simu ndiye peke yake aliyeniona hivi. Hii ni skrinishoti. Imekatwa pembeni.”

“Na ulikuwa unaongea na nani?”

“Aseme mwenyewe.”

Watu wote wakageuza shingo mlangoni.

“Mimi?” Sadalla akacheka kicheko kikavu. “Suhaila, usiniingize. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini. Nilikuwa na wageni, nawapeleka Ushongo.”

Sadalla huendesha gari la watalii, hoteli za pwani ya Pangani anazijua zote.

“Siku gani hiyo?” nikamuuliza.

“Hiyo siku ya... ya mwezi.”

“Hakuna aliyeitaja tarehe humu ndani. Umeijuaje?”

Akaangalia viatu vyake mlangoni.

“Nilikuuliza mbona nyuma yako jua linawaka na huku mwezi umetoka,” niliendelea. “Ukasema, ‘Tanga bado mapema, mke wangu.’ Ukaniomba nikutazame kwenye chekeche. Nikakwambia mimi nimefunga kadha na nimeshafuturu, sikufungii wewe. Ukasema, ‘Nitazame tu, nione nitakavyopendeza.’ Uongo?”

“Sadalla,” Bi Mwatumu akaita.

“Mama, huyu anajiokoa.”

“Lete simu.”

“Mama, simu ina mambo yangu ya kazi.”

“Nimesema lete simu.”

“Mama...”

“Mimi nimekunyonyesha miaka miwili na nusu. Lete!”

Akaileta. Alimfungulia mwenyewe kwa kidole, kama mtoto anayepelekwa kunyolewa. Bi Mwatumu akanipa mimi. “Wewe unayajua haya madude. Tafuta.”

Sikutafuta sana. Mtu hufuta ujumbe, husahau picha. Ilikuwa palepale, nzima, haijakatwa. Mimi na chekeche langu, mkono wa Yudith, na kwenye pembe ya chini, ndani ya kidirisha kidogo, uso wa Sadalla na jua la alasiri nyuma yake. Anacheka. Tulikuwa tunacheka wote wawili.

Nikampa Bi Mwatumu. Aliiangalia muda mrefu, akaisogeza mbali, akaivuta karibu, kama anayetaka macho yawe yanamdanganya.

“Kwa nini?” nilimuuliza Sadalla. Swali lenyewe dogo, lakini nusura linishinde kulitoa.

“Suhaila, tuongee nje.”

“Hapa hapa. Nilisulubiwa hapa hapa.”

Akajipangusa uso kwa kiganja. “Kuna mtu,” alisema. “Yuko Ushongo. Anaitwa Shadya.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka wako wa pili.”

Mama yangu akainuka, akaenda kusimama dirishani, ametupa mgongo.

“Sasa si ungesema!” Ami Shaib akafoka. “Posa si pingu. Ungekuja, ukakaa hapo, ukasema moyo umegeuka. Tungekasirika, tungekunywa kahawa, ungekwenda zako!”

“Ningesemaje, ami? Mama alishawaambia watu. Kadi zimeshapelekwa mpaka Pemba. Mwanamume akivunja bila sababu, ukoo mzima unatukanwa. Nikaona... nikaona kama kosa likiwa upande wao...”

“Likiwa upande wangu,” nilimsahihisha.

“Niliituma kwa laini nyingine, sikujua mama ataipitisha mtaani. Wallahi sikujua. Nilidhani atavunja kimya kimya.”

“Sikiliza, Sadalla.” Nilijikuta nimesimama. “Ungeniambia hunitaki, ningelia. Ningelia sana, kwa sababu nilikupenda, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya ami yangu. Kisha ningenyamaza na maisha yangeendelea. Lakini wewe ulichukua siku niliyokuwa nacheka na wewe, ukajikata wewe ukaniacha mimi. Umenikata nibaki na mkono wa mtu asiyejulikana. Hilo si la mapenzi kugeuka. Hilo ni roho mbaya.”

“Nisamehe. Suhaila, nikikuona hivi... naona nimekosea. Ijumaa bado haijafika. Tunaweza...”

“Shadya anajua una mchumba?”

Akarudisha macho kwenye mistari ya mkeka.

“Haya, mpe pole yangu. Mimi sikutaki.”

Neno lilitoka safi, na baada ya kutoka nikahisi wepesi kifuani, kisha nikahisi uchungu, vyote pamoja.

Bi Mwatumu alikuwa bado ameshika simu ya mwanawe. Alijisogeza kwa magoti mpaka mbele ya mama yangu pale dirishani, akaushika upindo wa kanga yake.

“Bi Maryam, nilikuja kuvunja posa. Nilikuwa nimeshayapanga maneno tangu alfajiri. Nitaivunja, lakini kwa kosa langu, si la mwanao. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi ndiye wa kwao.”

“Inuka, dada,” mama akasema. “Inuka, usinipigie magoti.”

“Siinuki mpaka unijibu. Nikikuomba radhi humu ndani, inatosha?”

Mama yangu hapendi ugomvi. Nilijua atasema inatosha, yaishe, tumwachie Mungu. Alifungua mdomo kusema hivyo hivyo.

“Haitoshi,” nilisema mimi.

“Suhaila!”

“Haitoshi, mama. Ulitoa jasho shambani kwa watu ili nisome, ukanipeleka uwanja wa ndege unalia. Leo nikitoka naangaliwa kama mwizi. Mimi bado naishi hapa. Nimeomba kazi hapa hapa mjini, nitapita njia hii kila asubuhi. Radhi ya sebuleni inabaki sebuleni.”

Bi Mwatumu alinitazama. Nilitegemea atanijibu kwa ukali, ni mwanamke wa ukali. Badala yake alitikisa kichwa taratibu, akajizoazoa akasimama, akalikaza buibui lake.

“Anasema kweli,” alimwambia mama. “Nilipita mlango kwa mlango. Nitarudi mlango kwa mlango.” Kisha akageuka. “Sadalla, vaa viatu.”

“Mama, twende wapi?”

“Tunaanza kwa jirani hapo. Simu nitaishika mimi, nitawaonyesha picha nzima. Maneno utasema wewe.”

“Mama, mimi ni mtu mzima!”

“Ndiyo maana unavaa viatu mwenyewe.”

Ami Shaib akafungua mlango, akajibana ukutani kuwapisha. Sadalla alipita mbele yangu, akataka kusema neno. Nikamwangalia tu. Akapita.

Nikakaa kwenye mkeka chini ya dirisha na sasa ndiyo machozi yakaja, mengi, ya kelele, sikuyazuia. Mama akaja akanilaza kichwa mapajani kwake, akanipapasa nywele. Hakuniambia nyamaza.

Simu yangu ikaingiza ujumbe. Ni Yudith: “Vipi? Harusi ipo? Nimeshapata nguo.”

Nikamwandikia: “Harusi haipo. Njoo hivyo hivyo, na nguo uvae.”

Nje, mlango wa jirani uligongwa. Sauti ya Bi Mwatumu ikavuka ukuta, “Hodi humu! Wenyewe mpo? Tokeni wote, na watoto watoke.” Viti vikaburutwa. Watu wakaulizana kuna nini. Kisha sauti ya Sadalla, chini kabisa, kama ya mtu anayeongea na kola ya shati lake.

“Ile picha... ni mimi niliyeipiga. Suhaila hana kosa.”

“Kwa sauti!” mama yake akasema.

Mama yangu aliinua mkono kulifunga dirisha, maana hapendi mtu aaibishwe hata adui. Nikamshika mkono, nikamwomba aliache wazi.